Siku Mto Ulipojifungua

Hapo zamani za kale, zamani ile ambayo kobe alikuwa bado anatafuta fundi wa kumshonea koti, palikuwa na kijiji cha wanyama kando ya Mto Kimya. Uliitwa Kimya kwa sababu maji yake hayakupiga kelele. Hata kuonekana hayakuonekana! Juu ulikuwa mchanga mtupu, mweupe, umelala kutoka ukingo hadi ukingo, na maji yamejificha chini yake kama mwenye nyumba anayekwepa wageni.

Ukitaka kunywa, unafukua. Kwa! Kwa! Kwa! Mchanga unabadilika rangi, unasubiri kidogo, na maji yanajikusanya yenyewe, baridi, safi, matamu hadi unalamba kidevu.

Aliyeujua mto huo kuliko wote alikuwa Bi Nguchiro, mkunga wa kijiji. Mnamjua nguchiro, watoto? Kamnyama karefu kama soksi, miguu mifupi, macho kama shanga, na mdomo ambao hata usingizini haufungwi vizuri.

Wanyama wote wa pale walizaliwa mikononi mwake, wakubwa kwa wadogo. Hata Kifaru! Siku Kifaru alipozaliwa alimwangukia mkunga, pu! Bi Nguchiro alivutwa chini yake amekuwa bapa kama chapati. Alipopata pumzi, neno lake la kwanza lilikuwa: "Ni mvulana."

Lakini mwaka huo Bi Nguchiro hakuwa na raha. Zamani maji ya kisima chake aliyafikia kwa kiganja tu. Kisha ikabidi aingize mkono mpaka kwenye kiwiko. Kisha mpaka begani. Siku hiyo aliingia mzimamzima, ikabaki ncha ya mkia inapepea juu kama bendera.

"Kata moja!" akafoka alipotoka, mchanga umemjaa puani. "Asubuhi nzima nimepata kata moja! Na mke wa Digidigi ana mimba ya kuhesabu siku. Mtoto wake nitamwogesha kwa nini, kwa mate?"

Hakuwa na haja ya kuuliza maji yamekwenda wapi. Alisikia sauti yenyewe ikitoka bondeni. Chwaa! Chwaa! Chwaa!

Ni Kifaru huyo, na beleshi lake. Na nyuma yake Nyati, amejifunga kwenye mkokoteni. Nyati alikuwa amemwoa dada yake Kifaru, na msiniulize ilikuwaje, harusi hiyo hata waliokula pilau hawakuielewa.

Kifaru alikuwa anajenga ghorofa. Mnyama ambaye ngazi zenyewe hawezi kupanda, anajenga ghorofa! Alisikia kwamba Tembo wa kijiji cha pili amejenga, basi usingizi ukamhama. Tangu kiangazi kianze alikuwa akichimba mchanga wa mto, mkokoteni baada ya mkokoteni. Kule chini mto ulibaki mwamba mtupu. Visima vya huko vikafa, na kina Kanga na kina Nungunungu wakafunga virago wakahama. Mchanga mnene ulibaki mahali pamoja tu, mbele ya nyumba ya Bi Nguchiro.

Bi Nguchiro akajifunga kanga, akateremka.

"Shikamoo, bibi," Kifaru akasema bila kuinua kichwa.

"Marahaba, mwanangu. Naona unachimba."

"Nachimba."

"Naona unachimba maji."

Kifaru akacheka, ho ho ho, pembe ikatikisika. "Bibi, uzee huo! Mimi nachimba mchanga. Maji yako wapi hapa?"

"Yamelala chini yake. Mchanga ndio shuka lake. Ukiyafunua, jua litayamaliza kwa siku mbili."

"Shemeji," Kifaru akamgeukia Nyati, "wewe unaona maji?"

Nyati akakodoa macho. Alikuwa na mabega kama milango miwili na moyo kama wa kifaranga. "Mimi naona unachoona wewe, shemeji."

"Haya, umesikia? Na kesho tunahamia pale mbele ya nyumba yako, bibi. Mchanga ule ni laini, unafaa kupigia lipu. Siku tatu tunaumaliza."

Siku tatu! Migunga ilikuwa haijatoa hata chipukizi moja, na mvua ilikuwa mbali, mwezi na zaidi. Bi Nguchiro akajua: mchanga ule ukiondoka, na kijiji kizima kinaondoka nyuma yake, na watoto wote aliowapokea watatawanyika kutafuta maji kwa watu.

Akarudi akakaa mlangoni. Kumpiga Kifaru? Kwa nini, kwa mwiko? Kumbembeleza? Ameshambembeleza. Akautazama mchanga. "Mchanga," akajisemea. "Mchanga... mchanga..."

Ghafla masikio yakamsimama.

"Ala! Mchanga!" Akajipiga paji la uso, pa! "Mkunga mzima nimesahau kazi yangu mwenyewe!"

Akacheka mpaka akadondoka kigodani.

Kesho yake asubuhi, jua halijapata moto, mkokoteni ukaja, kigulu-kigulu, kigulu-kigulu. Kifaru akatema mate viganjani, akainua beleshi, akalishindilia mbele ya nyumba ya Bi Nguchiro.

Chwaa!

"Ngaa!" ikalia sauti kutoka chini ya mchanga.

Kifaru akasimama. "Nyati, ni wewe?"

"Mimi nikilia silii hivyo, shemeji."

Kifaru akachimba tena, taratibu kidogo. Chwa...

"Ngaa! Ngaa! Ngaaaa!"

"Mama yangu weee!" Nyati akaruka nyuma, akasahau kwamba amefungwa kwenye mkokoteni, wakaanguka pamoja, yeye chini, mkokoteni juu, magurudumu yanazunguka hewani.

"Nani anamliza mtoto?" ikauliza sauti nyingine nyuma yao, kali. Ni Bi Nguchiro, kanga begani, ndiyo kwanza anapangusa mchanga masikioni. Kifaru angekuwa na macho mazuri angemwona akichomoza kwenye kishimo chake hatua tano tu kando. Lakini Kifaru, kama mnavyojua, haoni kitu kilicho mbele ya pembe yake.

"M-mtoto gani, bibi?"

"Usiniambie hamjasikia habari! Mto umejifungua leo alfajiri. Nimekesha naye."

"Mto? Mto unajifunguaje?"

"Ulizaliwa wewe na kichwa hicho, mto utashindwa?"

Nyati, chini ya mkokoteni, akasema kwa sauti ndogo, "Hongera yake."

"Ngoja kwanza!" Kifaru akakunja uso. "Baba yake nani?"

"Mvua, nani mwingine? Anakuja hapa na ngurumo kijiji kizima kinasikia, anakaa wiki mbili tatu, halafu anasafiri bila kuaga. Mama wa watu anabaki na mzigo."

"Kweli," akasema Nyati. "Ndiyo tabia ya Mvua."

"Nyamaza, Nyati! Bibi, mimi naona mchanga hapa. Mchanga tu!"

"Umesema nini?"

"Mchanga!"

"Rudia, wasikie na majirani."

"MCHANGA!"

"Haya. Na mtoto aliyezaliwa leo, yule laini, asiyejua hata kukaa, nyumbani kwenu mnamwitaje?"

Kifaru akafungua mdomo.   Nyati ndiye aliyejibu, macho yamemtoka kama mayai.

"Mtoto mchanga! Shemeji, mtoto mchanga! Miaka yote tunamtaja kwa jina lake na hatumjui!"

Kifaru alihisi kitu kinamtambaa kichwani, polepole, kwa sababu kichwani kwake njia zilikuwa mbovu. "Sasa... sasa mbona niliouchukua jana haukulia?"

"Ule ulikuwa mkubwa. Ulishaota meno. Huu ni wa leo! Nyati, mwanangu, wewe una watoto sita. Mtoto mchanga anatolewa nje siku ya ngapi?"

"Ya arobaini, bibi!"

"Akitolewa kabla?"

"Lo! Anapata mchango, anapata degedege, na aliyemtoa anasemwa mji mzima!"

Bi Nguchiro akamtazama Kifaru kuanzia kwato mpaka ncha ya pembe. "Basi mtoe. Beleshi si unalo? Mtoe mtoto wa watu, mimi niite wanakijiji waje waone."

Kifaru aliyeweza kuangusha mti kwa kikohozi akalilaza beleshi chini kama mtu anayelaza yai.

"Arobaini si nyingi," akanong'ona. "Ghorofa itasubiri."

Hapo mkunga mwingine angeshukuru akaenda kulala. Siyo yule. Aliwatazama wale wawili, mabega yale, vifua vile, akaona ni dhambi kuviacha bure.

"Mnakwenda wapi? Mzazi analala chini, hamwoni? Hana kitanda!"

"Kitanda cha mto kikoje, bibi?"

"Cha mawe. Pale mto unapobanana, kwenye mwamba. Mnapanga mawe kutoka ukingo huu hadi ule, kimo mpaka tumboni kwako."

"Tumboni kwangu!"

"Mzazi mwenyewe unamwona urefu wake! Au unataka alale kitanda cha Digidigi?"

Wakaanza. Gudu! Gudu! Gudu! Mawe makubwa kama vibanda yakawa yanaviringishwa kutoka mlimani. Bi Nguchiro kakaa ukingoni, kakunja miguu, anaelekeza kwa mwiko.

"Hilo limekaa upande! Mzazi atapinda mgongo!"

"Samahani, bibi."

"Na nyufa hizo? Zibeni kwa udongo wa mfinyanzi! Mnataka apigwe na baridi ya kiunoni?"

"Tunaziba, bibi, tunaziba!"

"Na pazia liko wapi? Mzazi analala wazi, kila mpita njia anachungulia! Pandeni mikonge ukingoni, safu mbili, huku na huku. Nyati, usiikanyage, ipande!"

Wanyama wadogo wakawa wanakuja kutazama wakijibana mbavu. Lakini hakuna aliyefungua mdomo. Mke wa Digidigi akajifungua salama siku ya tano, na mtoto akaogeshwa kwa maji ya kisima cha Bi Nguchiro, kidogo lakini yalitosha.

Siku ya kumi na tisa mambo yalitaka kuharibika. Kifaru alikuja peke yake, amebeba bakuli la uji wa pilipili manga mikononi, anatembea kwa ncha za vidole. Mnaona picha hiyo? Kifaru, kwa ncha za vidole!

"Nimemletea mzazi," akanong'ona. "Na mtoto... mbona siku hizi halii?"

Bi Nguchiro alikuwa amekaa mbele yake kabisa, jua linamwangaza. Mdomo mmoja hauwezi kuzungumza juu na kulia chini.

"Amelala," akasema.

"Siku kumi na tisa?"

"Mtoto mpole. Hakufanana na wewe."

"Nataka kumsikia, bibi." Sauti ya Kifaru ilianza kukaza. "Nimebeba mawe mpaka mgongo umetoa sauti. Amwamshe mtu, nimsikie. La sivyo leo hii nalichukua beleshi langu."

Bi Nguchiro akakaza kanga kiunoni. 

"Mwamshe," akasema. "Ila kwetu mwenye kumwamsha mtoto ndiye mwenye kumlaza. Mimi nimechoka, naenda zangu ndani. Utamwimbia wewe mpaka asinzie."

"Nimwimbie nini?"

"Chochote. Jaribu kwanza tusikie kama sauti inafaa, usije ukamshtua."

Kifaru akaangaza kushoto, akaangaza kulia. Akadhani wako wawili tu. Akakohoa, akaanza:

"Mtoto lala, wee, mjomba ana pembe, wee,
ukilia tena, wee, pembe itasinzia, wee..."

Sauti yenyewe ilikuwa kama mlango wa bati unaoburutwa kwenye changarawe. Ndege wakahama mti. Kanga wawili waliobaki kijijini wakazimia.

"Basi, basi!" Bi Nguchiro akaziba masikio. "Ukimwamsha kwa sauti hiyo hatalala mpaka aote ndevu! Weka uji, nenda nyumbani, mwache apumzike."

Na mnajua nini? Kifaru akaenda. Tena alipofika ukingoni akageuka akapunga mkono.

Siku ya thelathini na sita, Mvua akarudi kutoka safari. Radi, pwaa! Mto ukashuka, vuuuu, umebeba majani, magogo na mchanga wa milima yote ya juu. Ukafika kwenye kitanda cha mawe, ukagonga, ukarudi nyuma, ukalegea. Maji ya juu yakamwagika yakaenda zake. Mchanga haukuweza kuruka. Ukazama, ukajipanga nyuma ya ukuta, tabaka juu ya tabaka. Mvua ilipotulia, mto ulikuwa umejaa mchanga mpaka ukingo wa ukuta, na mchanga wenyewe umelowa kama sponji. Mikonge ikazuia kingo zisibomoke.

Siku ya arobaini ikafika. Kijiji kizima kikajaa mtoni, hata kina Nungunungu waliohama walirudi kusikiliza. Kifaru akaja na mikokoteni miwili, beleshi begani, ameoga.

"Bibi! Arobaini imetimia. Mtoto atoke nje!"

Bi Nguchiro akautazama mto. Siku alizoziomba zilikuwa zimekwisha. "Haya," akasema. "Mtoe."

Chwaa! Kifaru akainua beleshi limejaa mchanga, unametameta, unadondosha maji. 

"Nyati," Bi Nguchiro akaita, "mtoto wa arobaini akishatolewa nje, inakuwaje?"

Nyati, aliyefurahi kuulizwa, akapaza sauti. "Anaonyeshwa jua! Watu wanampongeza mama! Halafu anarudishwa ndani anyonye!"

"Arudishwe anyonye!" wakapokea wanyama wadogo, wakipiga makofi. "Arudishwe anyonye!"

"NYATI!" Kifaru akanguruma. Na hapo ndipo kile kilichokuwa kikimtambaa kichwani kwa siku arobaini kikafika mwisho wa safari. Akashusha beleshi. Akamwinamia Bi Nguchiro, pembe imegusana na pua yake. "Bibi. Kama huyu ni mtoto, mama yake yupo, watu wote wapo, na alie tena sasa hivi, mbele yangu. Alie!"

Watu wakarudi nyuma hatua tatu. Bi Nguchiro akavuta pumzi. Palikuwa hakuna pa kujificha.

Akafungua mdomo. "Ngaa!"

 Halafu kicheko, kwa kwa kwa! Kikatoka kwa Digidigi, kikaruka kwa Nungunungu, kikamfika Nyati akacheka mpaka akakaa chini, ndipo akakumbuka ni nani wanayemcheka, akanyamaza. Kifaru alikuwa anatoa moshi puani.

"Sauti nilikudanganya," Bi Nguchiro akasema, pua yake bado iko kwenye pembe. "Maji sikukudanganya. Tia mkono ulipochimba. Ukikosa, niangukie tena, mara hii usinyanyuke."

Kifaru akatia mkono. Kiganja tu, hakikuzama hata kifundo, maji yakamzunguka, bubu bubu bubu. Akayaonja. Mke wake mwenyewe, mwezi mzima, alikuwa akitembea tangu asubuhi hadi alasiri kwenda kuteka maji ya tope kwenye bwawa la mbali. Akayaonja tena. Akainamisha kichwa chote, akanywa, gubu, gubu, gubu.

Alipoinuka, mke wa Digidigi alikuwa amesimama mbele yake na mwanawe. "Mzee Kifaru," akasema, "ahsante kwa ukuta. Hakuna mwingine kijiji hiki ambaye angeyainua mawe yale."

"Hakuna!" wakaitikia wote. "Kifaru hoyee!"

Kifaru akatazama ukuta. Akawatazama wanyama. Moshi ukapungua puani. Kifua, taratibu, kikaanza kutuna.

"Hm," akasema. "Ni kweli. Ni mkubwa."

"Tembo hana ukuta kama huu," Bi Nguchiro akamdokeza, kama mtu anayejisemea.

"Tembo!" Kifaru akacheka, ho ho ho. "Tembo ana ghorofa tu! Mimi nina mto! Tena sikilizeni, nyie mnaocheka. Mimi nilijua tangu siku ya kwanza. Bibi huyu mnadhani angenidanganya mimi? Nilimwacha tu afurahi!"

"Tulijua umejua," akasema Bi Nguchiro, akainama kwa heshima zote, kusudi wasimwone anavyojiuma midomo.

"Shemeji," Nyati akauliza, "na mikokoteni hii?"

"Igeuze! Mchanga wa lipu upo kule juu ya kingo, ule mafuriko yaliyoutupa shambani, huo mzigo mmoja unatosha. Ghorofa itakuwa moja, na fupi. Na yeyote nitakayemwona na beleshi ndani ya mto huu," akageuka, akakanyaga ardhi, du!, "atanijua mimi ni mjomba wa nani!"

Tangu siku hiyo Mto Kimya haukukauka, na mlinzi wake alikuwa na pembe puani. Hadithi yangu imefika ukingoni, imekaa kitako.

Ukichukua kwenye mto, waachie na wenzako kiasi cha kuwatosha, maana kiu haiulizi nani alikuwa na ghorofa.